Lugha ya Kutathmini Utendaji Kazi katika Tasnia ya Bima: Sifa, Tendo na Wakati

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili aina ya matini ambayo mwanafunzi wa Kiswahili huiona kuwa karatasi tu, nayo ni fomu ya kutathmini utendaji kazi wa mfanyakazi wa bima. Wataalamu wa utawala wameiandika mengi fomu ya namna hii, na wanasheria huifikia pale mfanyakazi anapoondolewa kazini. Wanaisimu tumewaachia wao. Hata hivyo, fomu hii ni matini kama matini nyingine: ina mtunzi, ina msomaji, na ina kaida zake za kuteua maneno. Aidha, ina nguvu ambayo matini nyingi tunazozichambua hazina, kwani neno moja likiandikwa humo laweza kumpandisha mtu cheo au kumnyima mkate.

Tunadai kwamba lugha iliyozoeleka katika tathmini hizi ni lugha ya sifa, ilhali kazi ya bima haiwezi kuelezwa kwa haki isipokuwa kwa lugha ya tendo, yaani sentensi yenye mtenda, tendo na wakati. Dai hili pengine lina ukweli katika kazi nyingine pia, ila katika bima lina uzito wa pekee, kwa sababu ambayo tutaieleza katika sehemu ya 3.0. Mifano yetu ya mazingira inatoka zaidi Tanzania, na tutagusa Kenya tutakapofika kwenye sheria. Sentensi za mifano na mazungumzo yaliyomo yameundwa na mwandishi kwa ajili ya mjadala huu. Hayakunukuliwa katika faili la mtu yeyote.

2.0 Thamani ya mali na thamani ya mtu

Neno tathmini lina asili ya Kiarabu na linatokana na mzizi uleule uliotupa thamani, kuthamini na mthamini. Maana ya msingi ya mzizi huo ni bei. (Neno bima lenyewe halikupita njia hiyo, limetufikia kutoka katika lugha za Uajemi na Bara Hindi, na linatukumbusha kwamba biashara hii ilijulikana katika bandari zetu kabla ya kuwa na wizara na mamlaka zake.) Katika ofisi ya bima, kuthamini ni kazi ya kila siku inayohusu mali. Gari lililogongwa huthaminiwa, nyumba iliyoungua huthaminiwa, na shehena iliyolowa maji ya bahari huthaminiwa. Mwisho wa mwaka ukifika, ofisi ileile huketi na kuwafanyia tathmini watu wake.

Si ajabu kwa lugha kutumia neno moja mahali pawili. Linaloshangaza ni tofauti ya uangalifu. Mwenye gari akiwa na ile inayoitwa mitaani bima kubwa, naye akaleta dai lenye maneno “gari limeharibika vibaya”, hatalipwa chochote kwa maneno hayo. Ataulizwa: limeharibika wapi, lini, kwa sababu gani, na lilikuwa katika hali gani kabla ya ajali? Mthamini ataandika kwamba boneti limekunjika, rejeta imetoboka na taa ya kushoto imevunjika. Kila kitu kwa jina lake na bei yake. Atatenga uharibifu wa ajali hii na kutu iliyokuwapo tangu zamani, kwa kuwa fidia humrudisha mtu pale alipokuwa na wala haimtajirishi. Lakini ukivuka ukumbi ukaingia chumba cha meneja, utakuta sentensi kama “utendaji wake ni hafifu” imepokelewa bila swali hata moja katika hayo. Tasnia iliyojenga elimu yake juu ya kutoamini sifa inaziamini sifa pale inapomthamini binadamu.

Kiswahili kina vitenzi vingine vinavyoshindana na kuthamini katika uwanja huu, na havina maana moja. Kupima, kitenzi cha Kibantu, hudai kuwapo kwa kipimo kilicho nje ya mpimaji: ratili, pishi, mita. Watu wawili wakipima unga uleule kwa pishi ileile wanatarajiwa kupata jibu moja. Kukadiria hukiri tangu mwanzo kwamba jibu laweza kukosewa. Ndicho kitenzi kinachofaa kazi ya kupanga ada ya bima, maana hakuna ajuaye ni nyumba ipi itakayoungua. Kukagua ni kutazama kama mambo yamekwenda kwa mujibu wa kanuni. Msimamizi anayesema “nimempima kijana huyu” anajipa hadhi ya mwenye mizani, ilhali alichonacho mara nyingi ni kadirio, na pengine kadirio la wiki mbili za mwisho alizozikumbuka. Ingekuwa karibu zaidi na ukweli kama fomu zetu zingeitwa fomu za makadirio. Sidhani kama kuna ofisi itakayokubali jina hilo.

3.0 Mwaka wa fomu na mwaka wa hatari

Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawa mali ya umma na mlango pekee wa bima Tanzania Bara. Zanzibar ilianzisha shirika lake mwaka 1969. Hali hiyo ya upekee ilidumu Bara hadi Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilipoyafungulia mlango makampuni binafsi. Sheria nyingine ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Historia hii inatuhusu kwa jambo moja. Palipokuwa na shirika moja, hapakuwa na sababu ya kumpima mfanyakazi kwa wateja aliowavuta kutoka kwa mshindani, kwa kuwa mshindani hakuwapo. Ushindani ulipoingia, neno lengo lilipata maana mpya, nayo ikawa ni kiasi cha ada kilichokusanywa ndani ya mwaka.

Hapa ndipo bima inapoachana na biashara nyingine. Mama anayeuza maandazi anajua bei ya unga, mafuta na sukari kabla hajataja bei ya andazi. Kampuni ya bima hutaja bei kwanza, ikajua gharama baadaye. Katika bima ndogo ya gari, ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo kuwa nayo kwa ajili ya watu wengine, mtembea kwa miguu aliyevunjika nyonga anaweza kufungua shauri na hukumu ikatolewa miaka kadhaa baada ya ada kupokelewa. Bima ya maisha yaweza kusubiri miaka 20 au zaidi. Kwa hiyo ofisa aliyepewa mamlaka ya kuamua hatari ipi ipokewe, na kwa bei gani, hufanya kazi ambayo ubora wake hauonekani mwaka alioifanya.

Tuchukue ofisa wa namna hiyo aliyepokea mabasi mengi mabovu kwa ada nafuu. Mwaka wa kwanza atakuwa shujaa. Fomu yake itasema “amevuka lengo”, naye atapandishwa cheo na kuhamishiwa mkoa mwingine. Mwaka wa tatu madai yatamiminika, na fomu ya mrithi wake itasema “uwiano wa hasara umepanda chini ya usimamizi wake”. Sentensi zote mbili ni za kweli kwa mujibu wa kalenda, na zote mbili ni dhuluma. Kilichokosekana ni alama ya wakati inayoliunganisha tendo la mwaka wa kwanza na matokeo ya mwaka wa tatu.

Uingereza ilipata somo hili kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 1988 na 1994, mawakala na wauzaji waliolipwa kwa wingi wa mikataba waliwashawishi wafanyakazi wengi, wakiwamo wauguzi, walimu na wachimba migodi, waache pensheni nzuri za waajiri wao na kununua pensheni binafsi zilizowapunguzia mafao. Kwa kigezo cha mwaka, wauzaji hao walikuwa hodari. Mapitio yaliyoanza mwaka 1994 yalimalizika kwa makampuni kulipa fidia iliyozidi pauni bilioni 11.

Upande wa madai una mtego wake. Ofisa wa madai akipimwa kwa idadi ya majalada aliyoyafunga, atafunga haraka vioo vya magari vilivyopasuka na kuliacha chini ya rundo dai la kifo linalohitaji barua 5 na safari ya kwenda hospitali. Akipimwa kwa fedha alizoziokolea kampuni, basi kila mjane aliyekataliwa huhesabiwa kuwa ni ushindi. Peter Drucker, aliyeeneza fikra ya kuongoza kwa malengo katika kitabu chake cha mwaka 1954, hakukusudia lengo liwe tarakimu moja iliyojitenga na kazi nzima. Lakini fomu ina visanduku, na kisanduku hupenda tarakimu.

4.0 Kutoka “kuandikiwa” hadi “kukubaliana”

Kwa muda mrefu tathmini katika utumishi wa umma nchini Tanzania ilikuwa ya siri. Mkubwa alijaza, akatia katika bahasha, akaipeleka juu, mtumishi hakuona. Wafanyakazi walikuwa na namna yao ya kulisema jambo hilo: “ameandikiwa vibaya”. Kauli hii inastahili kuangaliwa. Kitenzi andika kimetiwa kiambishi cha kutendea na kisha cha kutendwa, na mtendewa amekuwa kiima. Mtenda ametoweka, na kilichoandikwa hakitajwi. Limebaki jambo moja tu, kwamba tendo la kuandika limemwangukia mtu kama mvua. Sijui lugha nyingi zinazoweza kuueleza unyonge huo kwa neno moja.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutumia Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, uliojulikana zaidi kwa kifupi cha Kiingereza, OPRAS. Mfumo huo ulikuwa wa utumishi wa umma, si wa makampuni binafsi ya bima, lakini tunauchukua kwa sababu uliifanya tathmini iwe jambo la kusomwa na kujadiliwa kwa Kiswahili na watu wengi mno. Mtumishi na msimamizi walitakiwa kukubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, kuyapitia katikati, na kutoa alama mwishoni. Alama zilikwenda kutoka 1, iliyo bora kabisa, hadi 5, iliyo hafifu kabisa. Kila lengo lilikuwa na nafasi tatu za alama: ya mtumishi mwenyewe, ya msimamizi, na ile waliyoafikiana. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 nafasi ya mfumo huo ilichukuliwa na mfumo wa kielektroniki, PEPMIS.

Nafasi ya tatu ndiyo inayotuvutia. Kiambishi -an- katika kukubaliana na kuafikiana ni cha kutendana, na kutendana katika sarufi yetu huhitaji watendaji wawili wanaoweza kubadilishana nafasi. Juma na Ali wakipigana, Juma anampiga Ali na Ali anampiga Juma. Swali ni kama mkubwa na mdogo ofisini wanaweza kukubaliana kwa maana hiyo. Tuone mazungumzo haya kati ya meneja wa tawi na kijana wa madai aliyejipa alama ya 2:

(1) Meneja: Kijana wangu, hapa mimi nimekuwekea 3. Unaonaje?
Mfanyakazi: Sawa tu, mzee. Haina shida.

Baada ya hapo huandikwa 3, na fomu husema wameafikiana. Msikilizaji wa Kiswahili anajua kwamba hawakuafikiana. Neno tu baada ya sawa huondoa ridhaa na kuacha utii. Na mzee, pamoja na heshima yake, linaonyesha kwa nini mazungumzo yasingeweza kuendelea. Kijana aliyeingia kwa “shikamoo” hawezi kutoka kwa “sikubaliani nawe” bila kuvunja kitu kikubwa kuliko alama. Amekubali, hawakukubaliana. Tofauti ya silabi mbili hizo haina kisanduku.

Ni haki kuongeza kwamba mkubwa naye hana raha. McGregor aliandika mwaka 1957 kwamba wasimamizi huikwepa kazi hii kwa sababu hawapendi kukaa katika kiti cha kuhukumu thamani ya mwenzao. Nadhani kinachowasumbua wasimamizi wetu ni hichohicho, pamoja na hofu ya kuitwa mchoyo mtaani.

5.0 Sarufi ya sifa na sarufi ya lawama

Sasa tuingie katika kiini cha mada. Tazama sentensi hizi, ambazo zote zaweza kuwa maelezo ya tukio moja:

(2) (a) Madai ya mjane yamechelewa.
(b) Madai ya mjane yamecheleweshwa.
(c) Ofisa amechelewesha madai ya mjane.
(d) Ofisa amecheleweshewa taarifa ya polisi kwa wiki 6.

Katika (2a) madai yanatembea yenyewe, kana kwamba ni basi lililokwama Kitonga. Katika (2b) kauli ya kusababisha imeingia pamoja na ya kutendwa: sasa tunajua kuna aliyesababisha, ila ametiwa kizani. Sentensi (2c) inamtaja. Sentensi (2d) inamgeuza ofisa yuleyule kutoka mtenda kuwa mtendewa, kwa uwezo wa kiambishi cha kutendea, na inamwonyesha msomaji mahali pa kutazama, yaani kituo cha polisi. Mzizi ni mmoja, chelew-, na mnyambuliko peke yake unaamua nani abebe mzigo. Wanafunzi wetu hufundishwa minyambuliko hii kwa mifano ya kupika na kulima, nao huiona kuwa ni zoezi la kujaza nafasi. Katika faili la mfanyakazi ni suala la mshahara.

Basi, kisanduku kikisema “Ushughulikiaji wa madai: wastani”, ni ipi kati ya sentensi nne hizo iliyosemwa? Hakuna. Nomino ushughulikiaji imemeza mtenda, wakati na chanzo kwa pamoja. Fomu nyingi zimejaa nomino za aina hii: utekelezaji, uwajibikaji, ufuatiliaji, ushirikiano. Zina sura ya usomi na huchapika vizuri. Ni mifuko iliyoshonwa mdomo.

Tatizo la pili ni la sifa zinazoundwa kutokana na matendo. Linganisha:

(3) (a) Alizembea kupeleka barua ya tarehe 4 Machi.
(b) Huzembea.
(c) Ni mzembe.

Katika (3a) kuna kiambishi -li-, kwa hiyo kuna wakati. Jambo lilitokea likapita, na mshtakiwa anaweza kujibu. Katika (3b) kiambishi hu- hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha njeo: kinadai mazoea, na hakisemi ni mara ngapi. Mara mbili zatosha kuitwa hu-? Sarufi haijibu, na anayejaza fomu haulizwi. Katika (3c) kitenzi kimekwisha kabisa. Kimebaki kishirikishi ni, ambacho hakina wakati, na nomino ya ngeli ya watu. Kosa la siku moja limekuwa maumbile. Aliyezembea jana anaweza kuacha kesho. Aliye mzembe ataachaje kuwa yeye? Njia hii kutoka (a) hadi (c) hupitwa kwa urahisi sana katika Kiswahili, kwa sababu lugha yetu ina kipaji cha kuunda watu kutokana na matendo: mchapakazi, mvivu, mlalamishi, mtiifu. Fomu ikiuliza “Eleza sifa za mfanyakazi”, imeshamchagulia msimamizi njia.

Nazo sifa zenyewe huambukizana. Thorndike alieleza mwaka 1920 jinsi makamanda waliotakiwa kuwapa askari alama za akili, umbo na tabia walivyotoa alama zilizofanana mno, kana kwamba kupendezwa na jambo moja kulipaka rangi mengine yote. Wahenga wetu walikuwa wamelisema kwa maneno machache: ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii hutumiwa zaidi katika mapenzi, lakini mahali pake ofisini ni wazi. Ofisa nadhifu, mchangamfu kwa wateja, hupata alama nzuri hata ya hesabu za akiba ya madai ambazo meneja hajazifungua.

Kuna pia maneno ya adabu, na haya yanahitaji uangalifu wa mzawa wa lugha. Anajitahidi ni mfano ulio bora. Kwa kamusi ni sifa njema. Mtu anatia juhudi. Katika matumizi ya tathmini, aghalabu maana yake ni kwamba hajafaulu. Kitenzi chenyewe hakitaji matokeo. Msikilizaji anaelewa kwamba yangekuwapo yangetajwa. Si mbaya na hana neno ni ndugu zake. Meneja anayesema “huyu anajitahidi” amemstahi mtu wake mbele ya watu, na mara nyingi anafanya hivyo kwa wema. Lazima tukiri kwamba lugha ya sifa ina huruma ndani yake: wastani imewahi kumfunika mtu mwenye mgonjwa nyumbani hadi alipoinuka. Lakini neno lenye kufunika humfunika pia mwandishi wake. Neno lileile, kwa mkono wa mkubwa mwenye chuki, humaliza mtu bila kuacha alama ya kidole.

Je, kuna namna nyingine ya kuandika? Ipo, na si mpya. Flanagan, katika makala yake ya mwaka 1954 iliyotokana na kazi aliyoianza katika jeshi la anga la Marekani wakati wa Vita vya Pili, alipendekeza wasimamizi wakusanye matukio: mtu alifanya nini hasa, katika hali gani, na likatokea nini. Smith na Kendall mwaka 1963 walitengeneza vipimo ambavyo kila ngazi ya alama imefungwa kwenye mfano wa tendo. Wenzetu hawa walikuwa wanasaikolojia, na hawakuwa na kauli ya kutendea wala kiambishi hu- mbele yao; hata hivyo walichokitafuta ndicho tunachokiita hapa lugha ya tendo. Kwa Kiswahili, ingizo la namna hiyo lingesomeka hivi:

(4) Mei 12: alipokea dai la kifo lisilo na cheti. Mei 13: aliipigia familia simu na kueleza cheti kinapatikana wapi. Mei 30: cheti kilipokewa. Juni 3: aliidhinisha malipo.

Hakuna sifa hata moja, na msomaji anamjua ofisa huyu kuliko ambavyo angemjua kwa maneno mchapakazi na mwadilifu. Kila kitenzi kina nafsi na njeo. Siku 17 za kungoja cheti zinaonekana, na zinaonekana kuwa si zake. Pia ingizo hili haliishii Desemba: mwaka wa tatu, dai likizuka tena, litasomwa na kueleweka. Ofisa wa mabasi mabovu tuliyemtaja angeandikwa kwa njia hiyohiyo, tarehe na ada kwa kila basi, na mrithi wake asingelipa deni lisilo lake.

Pingamizi lipo. Kuandika hivi kunachukua muda, na tawi lenye watu 4 halina karani wa matukio. Msimamizi mwenye nia mbaya naye anaweza kuchagua matukio mabaya peke yake. Hilo la pili ni kweli, ila tukio lililochaguliwa kwa hila linaweza kujibiwa kwa tukio jingine. Sifa hujibiwa kwa nini?

6.0 Neno mbele ya sheria

Swali hilo si la nadharia. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za utendaji bora za mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) haziruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa utendaji mbovu kwa kutaja ubovu tu. Huulizwa kama kulikuwa na kiwango kilichowekwa, kama mfanyakazi alikijua, kama kiwango chenyewe kilikuwa cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kujirekebisha. Maswali haya yote ni ya tendo na wakati. Hafifu haijibu hata moja. Mwajiri aliyeandika sifa kwa miaka 5 hujikuta mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa na faili nene lisilo na ushahidi. Na mfanyakazi aliyeandikiwa wastani mwaka hadi mwaka, kisha akafukuzwa, hushindwa kuelewa ni lini wastani iligeuka kuwa kosa.

Kenya imekwenda hatua moja inayowahusu wanaisimu moja kwa moja. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutoweza kimwili, amweleze sababu katika lugha anayoielewa mfanyakazi huyo, na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwapo akitaka. Wasomaji wengi hulichukua sharti hili kuwa ni suala la kuchagua kati ya Kiingereza, Kiswahili na lugha ya nyumbani. Kwa maoni yangu lina kina zaidi. Mtu aliyeambiwa kwa Kiswahili safi kwamba “anajitahidi” ameambiwa katika lugha anayoijua, na bado hajaelezwa.

Katika makampuni binafsi ya bima hali ni tata zaidi, kwa kuwa fomu aghalabu ni ya Kiingereza na mazungumzo yanayoizunguka ni ya Kiswahili. Meneja anasema “unajitahidi”, kisha anatafuta neno la kuandika. Akichagua neno la Kiingereza la kusifu bidii, amempandisha kijana; akichagua neno linalosema hajafikia kiwango, amemshusha; na kijana, ambaye alisikia neno moja tu, anatia sahihi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapokihitaji. Maana yake ni kwamba fomu hiyo ikifika mbele ya hakimu itafasiriwa. Neno lililoanza kwa Kiswahili chumbani kwa meneja, likaingia faili kwa Kiingereza, litarudi kwa Kiswahili kwa kalamu ya mfasiri ambaye hakuwapo siku ile, na hana njia ya kujua kwamba lilipotamkwa lilikuwa anajitahidi.